Herufi za Kabichi

Mwezi uliopita tulimaliza arobaini ya Bi Nyamizi hapa nyumbani kwangu Mtendeni. Walikuja watu wa Ziba, wa Usoke, wa Dar es Salaam, tukajaa mpaka uani. Baada ya chakula mjukuu wake mmoja anayesoma chuo alikaa pembeni na simu yake akijifunza Kifaransa. Simu inasema, naye anafuatisha. Mimi nilikuwa kwenye kiti changu nimefumba macho, wakadhani nimelala. Yule binti akasema salamu yao, "bong'zhu," simu ikamwambia rudia. Akasema tena "bong'zhu," simu ikamwambia rudia. Mara ya nne nilishindwa kuvumilia. "Mtoe huyo ng'ombe," nikasema. Akashtuka. "Babu?" "Mwisho wa hilo bon umeweka ng'ombe. Hakuna ng'ombe hapo. Sauti ipite puani, ulimi usiguse kitu." Nikalisema lile neno mwenyewe, na simu, ambayo ilikuwa bado inasikiliza, ikalia kengele ya kupongeza. Nyumba nzima ikageuka kunitazama mimi, mtu wa malori na mashine ya kukoboa, niliyeishia darasa la pili na sijawahi kuona haya kusema hivyo mbele ya yeyote. Mwanangu wa kwanza akauliza, "Baba, Kifaransa umekitoa wapi?" Nikamjibu kwamba nilikipata kwa sababu ya huyu tuliyetoka kumsomea dua. Hakuelewa, na siku ile sikuwa na nguvu ya kueleza. Naeleza sasa.

Mambo ya ukoo wetu nayaacha, ni mengi na hayana kazi hapa. Jua tu kwamba kaka yangu Shija alikwenda Kongo kwenye machimbo ya shaba, kama walivyokwenda wengi wa kwetu zama za Mwingereza, akamwacha mkewe Nyamizi hawajamaliza hata mwaka wa ndoa. Mwanzoni alituma salamu kwa watu waliorudi. Halafu kimya. Kimya kilipofika mwaka wa tatu, baba mkubwa Luhende, aliyekuwa akiishika nyumba, alituita Ziba baada ya mavuno. Tulikaa uani tukila matobolwa kwa karanga, vile viazi vilivyochemshwa na kukaushwa ambavyo mtu huvitafuna polepole, na nilijua kuna neno zito kwa sababu hakuna aliyekuwa akitania. "Tuvune mara moja tena," baba mkubwa akasema. "Mtama ukiingia ghalani na huyu mtoto hajulikani aliko, tunaweka matanga, tunalia, tunamaliza. Na Maganga atamrithi mke wa kaka yake, nyumba isife." Nikasema, "Baba mkubwa, mimi..." Akanikata: "Wewe nini? Una mke?" "Sina." "Basi umeshapata." Watu wakacheka kidogo, kicheko cha kutaka jambo lipite. Nyamizi alikuwa mlangoni akipepeta, na ungo wake haukusimama hata mara moja.

Kesho yake nilikuwa nafunga mzigo kwenda Tabora kutafuta kazi, akanifuata nyuma ya zizi. Hakunisalimia. "Maganga, mimi si mjane," akasema. Nikaendelea kukaza kamba ya mzigo. "Nasema mimi si mjane. Wewe unajua kusoma. Mtafute." "Nikamtafute wapi? Kongo ni nchi nzima." "Ningejua wapi ningekwenda mwenyewe," akasema, akageuka akaondoka. Na hapa niseme ukweli, kwa kuwa wote walioweza kuumia nao wamekwisha kwenda. Nyamizi alikuwa mzuri. Akipita uani, mtu alisahau alichokuwa anasema. Mvivu angekaa tu mwaka mzima akingoja mtama uive, na hakuna ambaye angemlaumu. Nimejiuliza mara nyingi kama mimi nilikuwa mtu huyo, walau kwa siku chache. Nilikuwa. Nilitembea kutoka Ziba mpaka barabara ya Nzega nikiwaza mambo ambayo sitayaandika, na mbele kidogo nikayaonea haya, na mbele tena nikayarudia.

Tabora nilipata kazi jikoni, kwenye nyumba ya mapadri wazungu. Mpishi mkuu alikuwa Mzee Yohana wa Usoke, mtu mnene mwenye hasira fupi na roho nzuri. "Shikamoo, mzee." "Marahaba. Unajua kupuliza moto?" "Najua." "Unajua kunyamaza?" "Najua." "Hilo la pili tutaona." Jiko lilikuwa refu na jeusi, na majiko mawili ya kuni, na dirisha dogo ukutani ambalo sahani zilipitia kwenda chumba cha kulia. Kupitia dirisha hilo tuliwasikia wazungu wakizungumza Kifaransa chao mchana kutwa, na Mzee Yohana alikuwa amejifunza lugha hiyo yote, kwa maelezo yake mwenyewe, kwa sikio. Siku ya kwanza alinionyesha rafu. "Hii sukari. Hii siki. Hii pasemwaleseli." Nikatazama ndani ya kopo. "Mzee, hii si chumvi?" "Chumvi ni hii ya jikoni. Ikifika mezani inaitwa pasemwaleseli. Padri akisema hivyo, wewe peleka." Miezi mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba padri alikuwa anasema tu nipe chumvi, maneno manne kwa mkupuo. Sikumwambia Mzee Yohana. Alikuwa ameitumia kwa miaka kumi na tano na chumvi ilikuwa inafika mezani.

Wiki ya kwanza nilikwenda sokoni kwa mwandishi wa barua, nikaandikisha barua kwa Shija Luchagula, machimbo ya shaba, Kongo. Ikapanda gari moshi, ikafuata njia ile ile waliyotembea wapagazi, Usoke, Kaliua, mpaka Kigoma, ikavuka ziwa. Baada ya miezi miwili ikarudi hivyo hivyo haijafunguliwa, imegongwa muhuri mwekundu: INCONNU. Mwandishi wa barua aliutazama ule muhuri kwa heshima. "Nduguyo amehama," akasema. "Amehamia Inkonu." "Inkonu ni wapi?" "Mbele huko. Mji mkubwa, mkubwa kuliko Tabora." Nikafurahi! Nikatuma salamu Ziba kwa mtu wa lori kwamba Shija yuko Inkonu. Nikaandikisha ya pili: Shija Luchagula, Inkonu. Hiyo nayo ikarudi, na muhuri ule ule.

Pale misheni alikuwapo bruda mmoja mzee akiitwa Remi, Mfaransa, ambaye Mzee Yohana alimwita Bruda Lemi, na mimi pia, kwa kuwa sisi Wanyamwezi r na l tunazitumia kwa kadiri ulimi utakavyoamka. Kazi yake ilikuwa kuyeyusha nta ya nyuki na kutengeneza mishumaa ya kanisa. Chumba chake kilikuwa na kitanda chembamba, meza, na harufu ya nta iliyoingia mpaka kwenye mkate tuliompelekea. Alikijua Kiswahili kama mtu wa Tabora, na akikasirika alimalizia kwa Kinyamwezi. Siku moja nikampelekea kahawa na ile bahasha. Aliikaribisha machoni mpaka karatasi ikagusa pua, maana mtoto wa jicho alikuwa amemshika pande zote mbili. "Nani kakwambia Inkonu ni mji?" akauliza. Nikamwambia. Akacheka mpaka akakohoa, kisha akaona uso wangu akaacha. "Mwanangu, hili ni neno. Maana yake hajulikani. Wametafuta kwenye daftari lao, jina hilo hawana." Nilisimama na sinia mkononi. Kilichoniuma zaidi ni kwamba Ziba walikuwa wameshaambiwa Inkonu. Bruda alinionea huruma, akaandika barua yeye mwenyewe kwa Kifaransa, kwa ofisi ya wafanyakazi kule machimboni, akaniuliza jina linaandikwaje, nikamtajia herufi moja moja nilivyofundishwa darasa la kwanza. Ilipofika Novemba jibu likaja. Hajulikani. Bruda akavua miwani. "Sasa tumwombee," akasema, na nilijua anamwombea maiti.

Kuna watu wakiambiwa jambo limekwisha wanapumzika. Mimi nilikataa kwa kiburi tu, sina sifa nyingine ya kujipa. Nikamwambia, "Bruda, nifundishe hicho Kifaransa. Nitakwenda huko mwenyewe niwaulize." "Utawaulizaje? Watakufukuza mlangoni kabla hujamaliza sentensi." "Ndiyo maana nasema unifundishe." Akafikiri. Halafu akatoa kwenye droo bunda la barua za dada yake wa Ufaransa, na kitabu cha nyuki. Macho hayakumruhusu tena kuvisoma, na mapadri walikuwa na kazi zao. "Utanisomea kila siku baada ya chakula cha mchana," akasema. "Hata kama huelewi. Lakini uniharibie masikio siku moja tu, nakurudisha kwenye sufuria zako." Tukakubaliana hivyo.

Nilidhani kusoma ni kusoma. Niliyejua Kiswahili nilikuwa na imani kwamba herufi ikiandikwa inasemwa, kama vile mtu akiitwa anaitika. Kifaransa si hivyo. Kifaransa kinaandika herufi tano kikasema mbili, na zile tatu zinakaa pale kama wageni wasiokula. Nilisoma barua ya kwanza ya dada yake nikitamka kila kitu, na Bruda akaziba masikio. "Umemuua dada yangu," akasema. "Tuanze upya." Alinifundisha kwa vitu vya jikoni. Sauti ile ya u yao, ambayo si i wala si u, alisema, "Sema i, lakini midomo iwe ya kupuliza moto." Hiyo niliipata siku hiyo hiyo, kupuliza moto ndiko kulikoniajiri. Kwa r alinipa maji nisukutue koo bila kumeza, kisha nimeze na kooni pabaki vile vile. Lakini zile sauti za puani zilinitoa jasho. Mkate wao unaandikwa pain, na mimi nilisema "peng'," kwa sababu kwetu sauti ikishaingia puani inatokea kwenye ng'. Bruda aliinua kidole. "Umeleta ng'ombe kwenye mkate wangu. Mtoe." "Peng'." "Bado namsikia." "Peng'." "Sasa wako wawili." Nilimfukuza ng'ombe huyo kwa majuma matatu, nikiosha vyombo nasema peng', nikichota maji nasema peng', na siku alipotoka nilikuwa nimebeba karai la makapi uani. Nililitupa chini nikakimbia mpaka chumba cha nta. Bruda hakusifu. Alisema tu, "Sasa soma ukurasa."

Jikoni walinicheka. Mzee Yohana aliona najisumbua bure, na siku moja tukimenya viazi alinitolea yote. "Wewe kijana ni wa ajabu sana. Umepewa mke. Hukumposa, hukumgharimia. Mwenyewe hayupo. Nawe unahangaika kumtafuta mwenyewe aje amchukue!" "Ni kaka yangu, mzee." "Najua ni kaka yako. Ndiyo maana ni halali." "Yeye anasema si mjane." "Wanawake wote husema hivyo mwaka wa kwanza." "Huu ni wa nne." Mzee Yohana akasimamisha kisu. Akanitazama vizuri, kama mtu aliyeletewa nyama asiyoijua. "Wa nne?" akasema. "Basi huyo anajua kitu." Tangu hapo hakunitania tena, na saa ya Bruda ilipofika alikuwa akininyang'anya sufuria mwenyewe. Nimeoa, nimezaa, nimezika mke, na katika maisha yote haya sijakutana na uhakika kama ule wa Nyamizi. Mimi nilikuwa namtafuta Shija nikiamini nusu. Yeye alikuwa anangoja tu mtu amwambie yuko wapi.

Basi ikaja sikukuu ya misheni, mvua zikiwa zimekolea. Wageni walikuwa wanakuja, na padri mkubwa aliandika kwenye karatasi vyakula vyote vya siku hiyo, akaibandika kwenye mlango wa jiko. Mzee Yohana hakujua kusoma. "Haya, mwanachuoni," akasema, "tusomee." Mikono yangu ilikuwa na maji, kichwa kiko mbali, nikasahau masomo yangu yote nikasoma Kiswahili. "So-u-pe a-u-x cho-u-x." Mzee Yohana akaweka chini mwiko. "Supu ya choo?" "Ndivyo ilivyoandikwa, mzee." "Wageni wanatoka mbali hivyo kuja kula choo?" Mwosha vyombo alianguka chini kwa kucheka. Bruda Remi alikuwa anapita na mishumaa yake, akasikia, akachungulia. "Soma kama nilivyokufundisha," akasema kwa ukali. Nikajikusanya. Nikasoma: "Suposhu." Mzee Yohana akapiga kiganja pajani. "Aa! Suposhu! Si useme! Supu ya kabichi. Hiyo nimeipika kila Jumatano tangu wewe hujaota meno."

Wote wakarudi kazini. Mimi nilibaki mbele ya kabichi, kisu mkononi, sikukata. Shu. Nilikuwa nalisikia neno hilo kila Jumatano kupitia dirisha la sahani, na sasa nilikuwa naliona limebandikwa mlangoni, na hivyo viwili havikufanana hata kidogo. Kanuni yenyewe nilikuwa nayo kichwani tangu Desemba, nimeikariri kama sala, kwamba c na h ni sh, o na u ni u. Lakini kukariri ni kitu kimoja. Nilichukua kaa jeusi la moto nikaandika kwenye ubao wa kukatia: SHU. Chini yake nikaandika CHOU. Halafu mkono wangu ukaandika wenyewe, SHIJA, na chini yake nikaanza, C, H, I, nikakwama. Niliubeba ubao ule mpaka chumba cha nta bila kubisha hodi. "Bruda, Mfaransa akisikia ja, ja hii yetu, anaiandikaje?" Akafikiri. "D, j, a." "Na cha?" "T, c, h, a." Nikamaliza kuandika, nikamsogezea ubao kwenye pua. Alisoma polepole, herufi moja moja, kwa sauti. CHIDJA LOUTCHAGOULA. Likatoka mdomoni mwake jina la kaka yangu, safi kabisa, kama mama yetu alivyokuwa akimwita jioni. Bruda akakaa kitandani. "Karani wa kule amesikia kwa sikio lake akaandika kwa herufi zake," akasema. "Na sisi tumekuwa tukimwambia atafute kwenye S. Mungu wangu, Maganga. Na mimi Mfaransa mzima ndiye niliyeandika ile barua." Kwa mara ya kwanza nilimwona ameaibika. Nilimwambia hana kosa, mimi ndiye niliyemtajia herufi. Tulibishana kidogo kila mmoja akitaka kosa liwe lake, halafu akasema nilete kalamu.

Barua ile niliiandika kwa mkono wangu, yeye akinitajia. Alinirudisha mara sita kwa sababu ya zile herufi zisizosemwa, nami sikunung'unika hata mara moja, maana nilikuwa nimeona herufi inaweza kufanya nini. Nikangoja. Machi ikapita, Aprili. Watu wa Ziba walioleta kuku sokoni walisema mtama unakubali mwaka huu, na kila mmoja alilisema kama habari njema. Mei wakasema unavunwa. Jibu lilikuja katikati ya Juni. Bruda alikataa nimweleze mlangoni. Alikaa, akafumba macho, akasema, "Soma." Nikasoma: "Le nommé Chidja Loutchagoula est vivant." Yu hai. Na neno lile la mwisho, vivant, nililoliandaa miezi yote ile bila kujua, lilinitoka na ng'ombe mzimamzima mwishoni, vivang', kama siku ya kwanza. Bruda hakunisahihisha. Aliyafuta macho yake mabovu kwa kona ya shuka akasema niendelee. Barua ilieleza kwamba mguu wake ulivunjwa na jiwe mgodini, amelala hospitali muda mrefu, anaendelea vizuri, na analalamika kwamba ameandikisha barua mbili kwa mdogo wake na hakuna aliyejibu.

Mzee Yohana alinifungia mkate na nyama, akanisukuma nje. Nikapanda lori la mahindi. Njia ya Nzega kulikuwa na duka la Mwarabu mmoja, Mzee Salum, ambako barua za watu wa kwetu ziliachwa, nikamwomba dereva asimame. "Shikamoo, Mzee Salum. Kuna barua zetu?" "Marahaba. Za Luchagula? Nimeshakuambia tangu mwaka juzi hakuna." "Si Luchagula. Inaanza na L, o, u, t." Akanyanyua nyusi. "Za yule mzungu?" "Mzungu gani?" "Musiye, ndiyo bwana kwao, Lo-ut-cha-go-ula. Nilijua ni mmoja wa wale wapimaji wa barabara. Nikasema akipita asikute mchwa wamezila, tukatiana aibu." Akashusha kopo la biskuti kutoka juu kabisa, na ndani, kwenye kitambaa, zilikuwamo barua mbili za kaka yangu, safi kuliko kitu chochote dukani mle. Zingekuwa na jina letu la kawaida angezitupa kwenye sanduku la chini pamoja na misumari. Nilimshukuru. Mpaka leo sijui kama nilipaswa kumshukuru au kumtukana.

Nilifika Ziba asubuhi ya siku ya pili, na nilisikia watu kabla sijawaona. Walikuwa wameshakusanyika. Ng'ombe amefungwa kwenye mti, akina mama wamejifunga vichwa, na Nyamizi amekaa chini mlangoni, mbele yake bakuli la maji na wembe wa kumnyolea nywele za ujane. Najua leo kwamba Shija alirudi mwaka uliofuata, mguu wa kushoto mfupi, akachechemea nyumbani humo miaka mingi na watoto saba. Lakini asubuhi ile hatukuwa na Shija. Tulikuwa na karatasi. Baba mkubwa akasimama. "Afadhali umefika. Bila wewe tusingemaliza." "Baba mkubwa, shikamoo. Usimalize. Shija yu hai." "Yuko Inkonu?" akauliza mtu nyuma, na wengine wakacheka, na kicheko kile kilinistahili. Nikampa baba mkubwa bahasha mojawapo ya zile za dukani. Yeye alifundishwa kusoma na katekista, na alijivunia sana. Akaishika mbali, akasoma kwa sauti ili wote wasikie. "Lo-ut-cha-go-u-la. Huyu ni nani?" "Ni sisi, baba." "Sisi ni Luchagula. Marehemu baba yangu hakuwa Lo-uti." Akafungua barua. "Mi-ye ni-ko mo-u-zi-ma. Mo-u-zi-ma? Mo-u-ke ya-ngo-u Gi-na-mizi. Hii ni lugha gani? Umetuletea barua ya watu wengine, Maganga, kwa sababu unaogopa kuoa."

Nilikuwa nimeziangalia barua zile njia nzima juu ya magunia, na nilijua ni lugha gani. Ilikuwa Kiswahili. Aliyemwandikia Shija kule hospitali alikuwa Mkongo aliyefundishwa kuandika Kifaransa tu, na Kiswahili chake alikiandika kwa herufi alizokuwa nazo. Ukiisoma kama katekista, takataka. "Nipe niisome mimi," nikasema. "Mimi sijasoma?" "Umesoma, baba mkubwa. Nipe tu." Akanipa kwa hasira. Nilitazama ile o na u, nikamkumbuka Bruda ameziba masikio, nikaanza, polepole, nikiacha kila herufi ifanye alichotaka aliyeiandika. "Miye Shija, niko muzima. Mukulu yangu," nikaugusa mguu wangu kuwaonyesha, "ilivunjika mu shimo, lakini sasa inapona. Muambie mama. Muke yangu Nyamizi asilie, miye nitarudi."

Ungesema mtu ameingia uani. Ilikuwa ni Kiswahili cha Kongo, chenye mawimbi yake, lakini hakuna hata mtoto ambaye hakuelewa. Baba mkubwa akaninyang'anya karatasi, akaitazama, akaigeuza nyuma, akairudisha. "Soma tena," akasema, na sauti yake haikuwa ile. Nikasoma tena. Nilipofika kwenye jina la Nyamizi, yeye mwenyewe, ambaye hakuwa amesogea tangu nifike, alinyoosha mkono akamwaga lile bakuli la maji mchangani, wembe na kila kitu. Akasema bila kumtazama mtu, "Nilisema." Kisha yakamshinda, akajifunika uso kwa kanga, mabega yakawa yanacheza. Nikakaa pale pale chini, na nilihisi mwili mzima unanirudia kiungo kwa kiungo, kama wa mtu aliyetoka kwenye homa.

Pembeni palikuwa na bibi mmoja, mliaji hodari aliyejulikana mpaka Nzega, ametoka kwao na giza la alfajiri, kanga ameshaifunga kiunoni tayari kwa kazi. Alitutazama mmoja mmoja akiwa amechanganyikiwa. "Sasa mimi niliyetembea mbali hivyo kuja kulia," akauliza, "nifanyeje?"

Nyamizi akatoa uso kwenye kanga, umelowa wote. "Lia tu, bibi," akasema. "Mimi mwenyewe siwezi kuacha."